Sebule Yetu ya Jumamosi

Shuleni kwetu nilikuwa na heshima ya aina yake: hakuna aliyekuwa tayari kuamini neno langu hata moja. Heshima hiyo niliipata kwa jasho. Ni mimi niliyejaza chumvi kwenye bakuli la sukari la chumba cha walimu siku wageni wa ukaguzi walipokuja kunywa chai. Ni mimi pia niliyetangaza gizani, kwa sauti ya matroni, kwamba kila msichana atoke na godoro lake likakaguliwe kunguni, na mabweni mawili yakamwagika uwanjani na magodoro vichwani kama siafu wanaohama. Kwa hiyo Jumamosi ile niliposimama juu ya benchi la bwalo, nikanyoosha kidole kwenye runinga na kupiga kelele, "Jamani, hiyo ni sebule yetu!", shule nzima ilicheka.

"Kaa chini, Balaa," alisema rafiki yangu wa kitanda cha juu. Balaa ndilo jina langu la shule. La nyumbani hata walimu walishalisahau. "Wiki iliyopita ulisema babu yako ndiye aliyegundua mswaki."

"La mswaki nilitania. Hili naapa."

"Apa kwa mswaki."

Nikakaa. Lakini sikuondoa macho kwenye ile runinga, kwa sababu sebule ile haikufanana na yetu, ilikuwa yetu. Dirisha la kijani lenye kitasa kisichofunga mpaka ukipige kwa kiwiko. Rafu ya redio iliyoinama kushoto kwa kuwa baba aliipigilia huku akibishana na mama. Ufa ukutani wenye umbo la sungura mwenye sikio moja. Na kwenye mwimo wa mlango, ule ubao wa wima ambao bawaba hazimo, vistari vya penseli: vyangu kulia, vya mdogo wangu kushoto, kimoja juu ya kingine kama ngazi ya sisimizi.

Tatizo ni kwamba nyumba yetu haikuwapo tena duniani. Ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Katapila lilipita katikati ya sebule hiyo mchana kweupe, nami nilishuhudia nikiwa nimekumbatia redio.

Na sasa, kwenye kiti cha baba, alikuwa amekaa bwana mmoja mnene nisiyemjua. Alikuwa anakula na mkewe na wanawe wawili, anawauliza habari za masomo, anacheka, anaongezewa mchuzi. Alifanya hivyo kila Jumamosi, bila kuchelewa hata mara moja.

Ilinichukua muda kuunganisha mambo. Baba yangu ni seremala. Karakana aliyofanyia kazi ilipofungwa, alipata kazi kwenye kampuni inayotengeneza ile tamthilia ya Jumamosi, akawa fundi wa kujenga nyumba za uongo. Inaonekana walimwambia awajengee sebule ya familia ya kawaida. Baba anaijua moja tu.

Ngoja niwaeleze habari za sebule ya kweli, maana mimi ndiye mwanahistoria wake wa pekee mwenye akili timamu. Mdogo wangu alikuwa bado anakula sabuni wakati ule. Baba alikuwa anarudi jioni na vumbi la mbao kichwani, na mama hakumruhusu kupita mlangoni mpaka ainamishe kichwa nje akung'utwe. "Hii nyumba si karakana," mama alisema kila siku, na kila siku baba alijibu, "Ndiyo, mheshimiwa," akiwa ameinama. Mvua ikinyesha juu ya mabati ilibidi tuombe chumvi kwa ishara za mikono. Na kila shule ilipofungwa palikuwa na siku ya vipimo. Baba alichomoa penseli nyuma ya sikio, akaniegemeza kwenye mwimo, akaniwekea kipande cha ubao utosini.

"Simama wima, mama. Usinyanyue kisigino."

"Sinyanyui."

"Na soksi hizo ulizokunja chini ya nyayo?"

"Zimejikunja zenyewe."

Baba anatuita hivyo, sisi mabinti: mama. Nilikuwa mama wa kimo cha meza, nikawa mama wa kimo cha kitasa. Kisha katapila likaja.

Shule ilipofungwa nikarudi nyumbani, yaani kwenye vyumba vyetu vya kupanga, ghorofa ya tatu, penye milango ya chuma inayolia kama mbuzi. Mdogo wangu, ambaye tangu azaliwe tunamwita Nusu, alinipokea begi. Mama alikuwa ametoka kazini. Yeye huuza dawa, na maneno yake huyapima kama dawa, kijiko kimoja kutwa mara tatu. Akaandaa meza. Zamani aliweka sahani nne, ya baba akaifunika na nyingine mpaka chakula kipoe. Siku hiyo aliweka tatu.

"Mama, ya baba?"

"Kabatini."

"Haji kula?"

"Atakuja kesho."

Hakusema kwa hasira. Mama akigomba kuna matumaini. Akiwa amenyamaza, anapakua kwa sahani tatu kama vile hesabu imeshafungwa, hapo ndipo pa kuogopa. Nikamtazama Nusu. Nusu akatazama sahani yake.

"Baba yupo kweli," alininong'oneza baadaye, tukiwa tunaosha vyombo. "Taulo linakuwa bichi. Na sabuni inapungua."

"Umemwona lini?"

Akafikiri. "Wiki hii nimemwona mgongo."

Ndivyo ilivyokuwa. Gari la kampuni lilimchukua alfajiri na kumrudisha sote tumelala. Mtu alikuwa anaishi nasi kama panya mwenye adabu: anaacha vumbi la mbao kwenye sinki, anakunja blanketi, anatoweka. Siku ya mapumziko ilikuwapo, lakini nayo ilikuwa inaahirishwa na meneja wa pale kazini, bwana ambaye kila ombi hulijibu kwa neno moja hadi mafundi wakamwita Kesho.

Usiku huo nikala kiapo, mkono juu ya sufuria: kabla shule haijafunguliwa, sahani ya nne itarudi mezani, na baba atakuwa mbele yake.

Nilianza kwa njia ninayoijua. Nilimpigia baba simu, nikabana pua, nikawa mwenye nyumba. "Fundi, mlango wenu umekwama. Familia imefungiwa ndani. Njoo upesi." Nilijua baba hawezi kuvumilia mlango uliokwama, atakuja hata kwa kutambaa.

Baba akajibu kwa sauti ya mtu anayelala kwa zamu na macho yake: "Paka sabuni kwenye bawaba, mama. Na uachie pua, utapata mafua."

Akakata. Ilinibidi niende mwenyewe.

Mama alinipa mashati safi ya baba nimpelekee, na sijui kama alijua nimebeba nini kingine kichwani. Studio yenyewe lilikuwa ghala la zamani lenye paa la mabati. Nje palikuwa na joto la kawaida. Ndani palikuwa na joto la ndani ya birika. Mataa makubwa yaliwaka mchana, feni zimezimwa kwa sababu sauti zao huingia kwenye vinasa sauti. Mwanamke wa vipodozi alikuwa amevua viatu, miguu imevimba kama mikate, anampaka bwana mnene poda na kumfuta jasho, anampaka tena. Mpaka rangi alikuwa anakula amesimama, sahani juu ya ngazi. Kijana wa nyaya alisinzia akiwa ameshikilia waya, nao waya ukisogezwa anasogea nao. Niliwasalimia wote kwa adabu. Ukitaka kufanya uharibifu, anza na shikamoo.

Na katikati ya ghala, bila paa, bila ukuta wa mbele, ilikuwa sebule yetu.

Nilidhani nitacheka. Sikuweza. Nilisimama pale na mashati mkononi, nikajifanya nakohoa. Niliipita kwa nyuma kuona udanganyifu: kuta ni mbao nyembamba zilizoshikiliwa na magongo, dirisha la kijani linatazama ndoo. Lakini ukisimama mbele, hata kitasa kilikuwa kilekile. Nilikipiga kwa kiwiko. Kikafunga.

"We! Usiguse!"

Aliyesema ni mama mmoja mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Walimwita Mama Macho. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kitu kinabaki kilivyokuwa picha iliyopita ilipopigwa: kikombe hapohapo, pazia kiasi kilekile, kifungo cha shati kilekile wazi. Alipiga picha kila kona. Wakishaanza onyesho, hakuna kinachosogezwa mpaka liishe, hata vumbi.

"Samahani, mama. Ni binti wa fundi seremala."

"Ooh. Balaa?" Akanitazama juu ya miwani. "Baba yako anakusema sana, mpaka jina lako la shule. Kaa mbali na sukari yetu."

Baba alikuwa nyuma ya kuta, anajenga wodi ya hospitali kwa sababu bwana mnene alitakiwa kulazwa siku iliyofuata. Alipoinua uso nilishtuka. Alikuwa yeye, ila kama picha yake iliyofuliwa. Akanikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika msumeno.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Ameweka sahani yako kabatini."

Baba akapuliza vumbi kwenye msumeno, vumbi lisilokuwapo. "Nimeomba jioni moja," akasema. "Ameniambia kesho."

"Kesho ipi?"

"Hiyo ndiyo sijaijua bado."

Kabla sijamjibu, mabati yakanguruma. Mvua. Ilishuka yote kwa pamoja, na mwongozaji akatupa mikono juu, kwa sababu chini ya mabati yale hakuna kinachoweza kunaswa ila mvua. Nikaona jambo ambalo sijaliona hata bwenini siku ya mwisho wa mitihani. Watu wote walilala. Hapohapo, bila kuambiana. Mpaka rangi chini ya ngazi, mwanamke wa vipodozi na kichwa chake kwenye kapu la mawigi, bwana mnene chali kwenye zulia huku poda ikimmwagika. Mama Macho alilala ameketi, miwani zote mbili zikitazama mbele. Mvua ndiyo ilikuwa likizo yao, na walijua haidumu.

Baba alinishika mkono, akaniongoza hadi kwenye sofa la sebule, ambalo ndilo alilolalia siku gari lilipomwacha. Akajitupa, akafumba macho. Mimi nikasimama karibu na mlango, nikatazama vistari vya penseli. Alivichora vyote kwa kumbukumbu, kila kimoja mahali pake, na vilikoma pale vilipokoma siku tuliyohama. Cha juu kabisa kilinifika kifuani.

Sikujua kuwa ameamka. Mvua ilikuwa inapiga, mataa yamezimwa, sebule ina giza lile la mvua, na baba aliniita kutoka kwenye sofa kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu katapila.

"Umefunga shule leo?"

"Eeh, baba."

"Mbona husemi? Haya, simama wima."

Alikuja akiwa na macho nusu wazi, nywele zimejaa vumbi. Akachomoa penseli nyuma ya sikio. Akaniegemeza kwenye mwimo, akaniwekea kipande cha ubao utosini.

"Usinyanyue kisigino, mama."

"Sinyanyui."

Na kweli sikunyanyua. Penseli ikakwaruza juu ya kichwa changu. Baba akarudi nyuma hatua moja ili atazame, kama alivyofanya siku zote. Akakiona kistari kipya huko juu, akaviona vya zamani huko chini. Akaweka kiganja chake kwenye ile nafasi katikati, palipokuwa patupu. Akaweka na cha pili juu yake. Bado palibaki nafasi. Hapo akaamka kabisa.

Mvua ikakatika ghafla, kama ilivyoanza. Watu wakafufuka. "Kwenye nafasi zenu!" akapiga kelele msaidizi wa mwongozaji. Bwana mnene akafutwa, akapakwa. Taa zikawaka, na Mama Macho akapiga yowe dogo la kitaalamu.

"Nani ameandika hapa? Tuko katikati ya onyesho! Mwigizaji anaegemea hapahapa!"

Kila mtu akanitazama mimi. Nakubali kwamba kwa historia yangu ilikuwa haki, ila inauma kushitakiwa siku pekee uliyosimama wima.

"Ni mimi," alisema baba.

Bwana Kesho akaja mbio. Alikuwa mtu mwenye haraka ya kudumu, kalamu mbili mfukoni, simu mbili mkononi. "Fundi, ni penseli tu. Futa, tuendelee."

Mtu akampa baba kitambaa kibichi. Baba akakishika. Akakitazama kile kitambaa, akaitazama alama, na maji yakadondoka kwenye zulia, ambalo Mama Macho alilitazama kwa uchungu.

"Hii sifuti," akasema.

"Unasemaje?"

"Nimefuta mengi humu. Mkiniambia dirisha lisogee, nalisogeza. Ukuta ubomolewe, nabomoa, naujenga tena kabla hujamaliza chai. Lakini huyu ni binti yangu. Nilikuwa sijampima tangu akiwa hapa." Akaonyesha kifua changu. "Hii sifuti, bwana."

Mtu wa sauti alivua visikilizio masikioni ili asikie vizuri zaidi.

Mama Macho ndiye aliyesogea. Alivaa miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni, akauinamia mwimo, akapitisha kidole kwenye alama za chini bila kuzigusa. "Hizi ulizichora siku tulipoanza," akasema. "Nina picha zake. Hii ndiyo pekee ya mtu aliyepimwa."

"Ndiyo."

"Basi mwimo huu hautufai. Tunataka wenye alama za uongo tu." Akamgeukia Bwana Kesho. "Fundi aweke mwimo mwingine, anakili alama kwenye picha zangu. Mimi sitaona tofauti. Nikisema mimi sioni, nani ataona?"

Nikamwona baba akivuta pumzi. "Nitauweka sasa hivi," akasema. "Ila huu naondoka nao. Na naondoka nao leo, kabla jua halijazama. Kuna mtoto mwingine wa kupimwa, na kuna sahani yangu kabatini."

"Ukitoka leo, kesho usije!" alisema Bwana Kesho.

Nilikuwa nimekuja kuchukua baba, sikuwa nimekuja kuchukua baba asiye na kazi. Nikafungua mdomo kusema ni mimi niliyeandika, nilimlazimisha, nilimshikia kisu, lolote. Naamini ningelisema vizuri. Lakini mwanamke wa vipodozi alinitangulia, akiwa bado hana viatu.

"Asije? Na mgonjwa wako kesho atalazwa wapi? Humu kwenye kapu langu la mawigi?"

Mtu akacheka nyuma ya taa. Mpaka rangi naye akasema, mdomo umejaa, kwamba yeye hajui kujenga wodi, yeye anajua kuipaka tu. Bwana mnene, kwa sauti ileile ya Jumamosi, akauliza kwa upole kuna ubaya gani mtu akienda kula na wanawe. Mwongozaji alitazama saa, akatazama mataa yanayokula umeme bure.

Bwana Kesho alitazama huku na huku. Hatimaye akapata jibu lake.

"Tutaongea kesho," akasema.

Waliubadili mwimo kwa pamoja. Baba alikata na kuranda, mpaka rangi aliuzeesha kwa majani ya chai na kidole gumba, na mimi, kwa kuwa nilikuwa shahidi wa mambo ya kale, nilishika picha za Mama Macho huku baba akichora upya utoto wetu, kistari baada ya kistari. Mwimo wa zamani ulikuwa umeegemea ukutani ukitusubiri.

Tulitembea nao barabarani, baba mbele na mimi nyuma, kama watu waliobeba maiti nyembamba sana. Watu walitupisha. Ngazi zetu zilitutesa kila kona. Nusu alipofungua mlango, ukalia kama mbuzi, akabaki ameduwaa: safari hii alikuwa anamwona baba uso.

Mama alitoka jikoni. Akamtazama baba, akatazama ubao, akaona vistari, akaweka mkono mdomoni. Alipoutoa alikuwa ameshapata la kusema.

"Toa kichwa nje," akasema. "Hii nyumba si karakana."

"Ndiyo, mheshimiwa."

Akainama mlangoni, na mama akamkung'uta vumbi kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji. Kisha akafungua kabati, akatoa sahani, akaifuta japo ilikuwa safi, akaiweka mezani. Nne. Nusu alipimwa kabla ya chakula. Alitaka alama yake iandikwe Robo Tatu, baba akakataa. Baba alikula, akaulizia shule, akaongezewa mchuzi, na katikati ya jibu langu refu na la kusikitisha kuhusu hisabati akalala, kijiko mkononi. Hatukumwamsha. Mama alikichomoa kijiko taratibu, akakaa pale pembeni yake, hakuondoa vyombo.

Asubuhi gari lilimpitia kama kawaida. Jioni yake moja kwa wiki alikuja kuipata baadaye, kwa kugombana, na si kila wiki. Mwimo uko kwenye korido yetu, hauna mlango wala ukuta wake, na kila mtu anajigonga nao akienda chooni.

Shule ilipofunguliwa tukakusanyika bwaloni Jumamosi. Bwana mnene alitoka hospitali, akaingia sebuleni, akaegemea mwimo wa mlango. Rafiki yangu wa kitanda cha juu akanipiga kiwiko.

"Balaa, nyumba yenu hiyo."

Nikasogea karibu na runinga, nikavikagua vistari kimoja kimoja. Vilikuwa vizuri sana.

"Hapana," nikamwambia. "Huo mwimo si wetu. Wetu uko nyumbani."

Bwalo zima likacheka, nami nikarudi kwenye benchi, nikakaa.